Jiwe la Kijani na Habari Zake

Mwanafunzi mmoja wa huku Kirewa, katika Wilaya ya Tororo, alikuja darasani siku moja na mawe mawili ya rangi ya kijani. La kwanza alikuwa ameliokota kando ya kijito alipokwenda kuteka maji. La pili lilikuwa limeviringishwa katika kitambaa cha zamani. Alilitoa katika sanduku la marehemu babu yake, ambaye jamaa zake husema alifanya kazi Kilembe katika mgodi wa shaba kabla haujafungwa. Kijana akauliza, "Mwalimu, haya ni zumaridi?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali hilohilo liliwahi kuwatatiza wataalamu wakubwa wa Ulaya, kama nitakavyoeleza.

Tuliyajaribu mawe yale pamoja na mwalimu wa sayansi. La kwanza lilikuwa gumu. Ncha ya kisu haikulichora, na unga wake ulikuwa wa kijivu kilichopauka. Halikuwa na shaba. Nchi hii ya Busia na Tororo ina mkanda wa miamba ya kale sana yenye ukijani wa asili, nayo ndiyo miamba iliyoshika dhahabu iliyochimbwa Busia tangu miaka ya 1930. Jiwe la pili lilikuwa zito kuliko ukubwa wake, na upande mmoja lilifunikwa na ukoga wa kijani mithili ya mahameli. Tulikwangua unga kidogo, tukaudondoshea maji ya ndimu, nao ukatoa mapovu madogo madogo. Tukatia katika maji yale msumari wa chuma uliosuguliwa ukang'aa. Baadaye ulipotolewa, ulikuwa umevaa utando mwekundu. Utando ule ulikuwa shaba. Darasa zima lilinyamaza.

Ndipo nikamwuliza kijana: babu yako alilitoa wapi jiwe hili? Katika mwamba wa Kilembe wenyewe? Alipewa na rafiki? Alilinunua njiani? Kwa nini alilitunza miaka yote ile? Kijana hakujua, na nyumbani kwao hakuna ajuaye. Mzee alikufa bila kuulizwa.

Makala haya yanahusu mawe ya namna hiyo na desturi ya kuyakusanya. Nataka kuonyesha kwamba katika historia ya Afrika yetu jiwe la kijani limepita katika mikono mingi, na kwamba kila lilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila maelezo, habari za mkono uliotangulia zilipotea. Sisi walimu wa lugha, ambao kazi yetu ni maneno, tunaweza kuzuia upotevu huo kuliko tunavyodhani.

ASILI YA JIWE NA MAJINA YAKE

Shaba yenyewe ni nyekundu, lakini ikikaa hewani na penye unyevu huvaa ukijani. Kila aliyepata kushika senti za zamani za Afrika ya Mashariki, zile zenye tundu katikati, ameiona kutu yake. Ardhini hutokea jambo linalofanana na hilo. Chini sana, shaba aghalabu hupatikana imeungana na salfa na chuma, na mwamba wake humetameta manjano hata asiyejua akadhani ameona dhahabu. Maji ya mvua yanapopenya pamoja na hewa, shaba ile hulegea, ikayeyuka, ikasafiri katika nyufa. Ikikutana na kaboni iliyomo katika maji au katika mawe ya chokaa, huganda upya karibu na uso wa ardhi. Jiwe linalozaliwa hivyo huitwa malakiti. Malakiti safi ina shaba kadiri ya asilimia 57 ya uzito wake. Kwa hiyo ukijani juu ya kilima ni bendera inayomwambia mtu mwenye kujua kwamba chini yake huenda kuna shaba nyingi.

Neno malakiti linatokana na jina la Kigiriki la mmea wa jamii moja na bamia, kwa sababu ya rangi ya majani yake. Nasi Waswahili tulipotafuta jina la rangi hiyo tulikwenda kwenye jani vilevile, tukapata kijani. Kiswahili si maskini katika jambo hili. Tuna shaba, neno ambalo kwa desturi hutumika kwa shaba nyekundu na hata kwa ile ya manjano iliyochanganywa na zinki. Tuna mrututu, chumvi ya shaba ya rangi ya buluu ambayo wazee waliitia katika vidonda. Tuna feruzi, kito cha rangi ya buluu na kijani ambacho nacho kina shaba ndani yake. Tuna masango, yaani nyaya nene za shaba zilizopelekwa bara na misafara, na udodi, uzi mwembamba wa madini wa kusokotea bangili. Mwalimu anayesomesha maneno haya bila kuonyesha vitu vyenyewe amefundisha nusu ya somo.

Malakiti kwa kawaida hutokea kama mafundo ya mviringo yaliyosongamana kama kichala cha zabibu, na likipasuliwa jiwe huonyesha mistari myeusi na myepesi iliyozungukana mithili ya mistari ya gogo la mti. Fuwele zake kamili ni adimu. Zikipatikana huwa sindano nyembamba zilizokusanyika kama nyuzi za hariri, au huwa zimeazima umbo la fuwele za azuriti, ndugu yake wa buluu, ambayo hugeuka taratibu kuwa malakiti huku umbo lake la zamani likibaki. Wakusanyaji huthamini sana vipande vya namna hiyo, kwa kuwa mtu huona mambo mawili kwa pamoja: jiwe lilivyokuwa na jiwe lilivyo.

Liko pia jiwe liitwalo dioptasi, lililoundwa kwa shaba, silika na maji. Fuwele zake ni za kijani safi chenye kung'aa, na kwa macho tu mtu huapa kwamba ameona zumaridi. Katika karne ya 18 fuwele za namna hiyo zilitoka katika nyika za Kazakhstan zikapelekwa Urusi, na wenye kuzipokea wakaamini kwamba ni zumaridi. Mwaka 1797 mtaalamu Mfaransa René Just Haüy alibainisha kuwa ni jiwe jingine, akalipa jina lake. Dioptasi ni laini kuliko zumaridi, na hupasuka kwa urahisi. Afrika ina dioptasi nzuri mno, hasa ya Tsumeb katika Namibia, na ya Katanga katika Kongo. Basi mwanafunzi wetu alikuwa na haki ya kuuliza.

WAFUA SHABA WA KATANGA

Wapenzi wa madini ya kijani, popote walipo duniani, hulijua jina la Katanga. Malakiti ya Kolwezi, ya Likasi na ya Kambove imo katika makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Lakini mara nyingi habari zake huanza kusimuliwa tangu walipofika Wazungu, kana kwamba kabla ya hapo mawe yale yalikuwa yamelala yakingoja. Sivyo ilivyokuwa.

Katika vilima vya Katanga kuna mahali ambapo miti haiwezi kumea kwa sababu udongo umejaa shaba. Hukua nyasi fupi na maua machache yaliyozoea sumu hiyo. Wenyeji walizijua ishara hizo kwa karne nyingi. Mavuno yalipokwisha na kiangazi kikaingia, jamaa nzima zilihamia karibu na machimbo. Waliomba kwanza radhi za wahenga waliolala katika vilima vile. Kisha wanawake na watoto waliokota malakiti iliyokuwa juu ya ardhi, na wanaume wakachimba mashimo kuifuata ilikokwenda. Mawe yalichambuliwa na kuoshwa. Tanuri zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ikavuta, makaa ya miti migumu yakawaka, na malakiti ikaacha ukijani wake ikawa nyeusi, halafu ikayeyuka ikawa shaba nyekundu. Watu hawa waliitwa walaji shaba, kwa maana chakula chao kilitoka humo. Mswahili haelezwi zaidi, kwani naye hujua maana ya kula kwa jasho lake. Katika miaka ya 1920 mmisionari Mbelgiji, Jean-Félix de Hemptinne, aliandika kwa kirefu jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, wakati ambapo wazee walioizoea walikuwa bado hai. Bila maandishi hayo, tungekuwa na mabaki ya tanuri tu.

Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu, ikatoka katika umbo la msalaba wenye mikono minne. Misalaba hiyo ilisafiri mbali. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mnamo 1957 na 1958, waliikuta imelazwa pamoja na maiti. Katika makaburi ya zamani zaidi ilikuwa michache, tena mikubwa. Katika yale ya baadaye ikawa midogo, mingi, na yenye vipimo vinavyokaribiana. Wataalamu hufahamu kutokana na hayo kwamba msalaba wa shaba ulianza kama alama ya heshima, ukaishia kuwa fedha ya kununulia.

Habari za jiwe la kijani zilienea pande zote mbili za bara. Wachuuzi Waafrika waliotumwa na Wareno kutoka Angola, Pedro João Baptista na mwenzake Amaro José, walipita katika nchi hiyo mwaka 1806 wakaelekea kwa Kazembe, na Baptista aliandika juu ya mawe ya kijani yanayoonekana juu ya vilima ambamo shaba huchimbwa. Kutoka upande wetu wa mashariki walikwenda Wanyamwezi. Kalasa, baba yake Msiri, alikuwa mfanyabiashara aliyeifuata shaba hiyo, na mnamo katikati ya karne ya 19 mwanawe alihamia huko, akajenga dola yake yenye makao Bunkeya. Watu wake, Wayeke, walisifika kwa ufundi wa kuvuta nyaya za shaba. Pembe, shaba na watumwa walisafirishwa kupitia njia zilizofika Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Unguja, na kwa njia hizohizo Kiswahili kikaingia Katanga. Si haki kuzitaja bidhaa mbili za kwanza na kuifumbia macho ya tatu.

KALUKULUKU YAGEUKA NYOTA

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa Bunkeya na Kapteni Omer Bodson, askari wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata mtaalamu wa miamba Jules Cornet alizunguka katika nchi hiyo, akaviona vilima vya malakiti na machimbo ya wenyeji. Mwaka 1899 George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Waingereza, alifika Kambove. Wageni hawa hawakuhitaji kubahatisha. Walifuata mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, na wenyeji waliwaongoza hadi ukingoni mwake.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ya tanuri lake la Lubumbashi ilimiminwa mwaka 1911. Mawe yalitoka katika mgodi uliopewa jina Étoile du Congo, maana yake Nyota ya Kongo. Lakini kilima hicho kilikuwa na jina lake la awali, nalo ni Kalukuluku. Nawaomba wasomaji wenzangu walitamke jina hilo kwa sauti, kwa sababu katika vikaratasi vingi vilivyobandikwa kwenye mawe ya huko halimo.

Hapa ndipo ukusanyaji wa fuwele ulipochukua sura nyingine. Wahandisi na wataalamu wa kampuni walipoona kipande kizuri walikiweka kando kisisagwe. Vipande vingi vilikwenda katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, ambalo mpaka leo lina hazina kubwa ya madini ya Kongo. Madini mapya yaligunduliwa na kupewa majina. Moja, lenye fuwele za buluu iliyoiva, lilitoka Kalukuluku, likaitwa kornetiti kwa heshima ya Jules Cornet. Jingine liliitwa butigenbakiti kwa heshima ya Mbelgiji mwingine, Henri Buttgenbach. Lilipatikana pia likasiti, lililopewa jina la mji wa Likasi. Mtindo huo wa kuwaenzi wataalamu kwa kuita madini majina yao umeenea duniani kote; hata Uganda iko weilanditi, iliyopewa jina la E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya miamba iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1919. Sisemi kwamba watu hao hawakustahili. Nasema tu kwamba katika orodha ndefu ya majina hayo hutaona jina la mtu aliyesimama juu ya kilima akanyosha kidole kuonyesha palipo na ukijani.

Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na nchi ambayo leo ni Zambia. Watu hawa, ambao lugha zao za nyumbani zilitofautiana, walihitaji lugha moja ya kazi, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Ndani ya mashimo yale lugha yetu ilipata lafudhi mpya na watoto wapya. Mwaka 1971 mkoa wa Katanga ulipewa jina jipya, ukaitwa Shaba, neno la Kiswahili hasa, nao ukaendelea kuitwa hivyo mpaka mwaka 1997. Mara ngapi tumefundisha nomino za ngeli hii tukasahau kwamba moja kati yake ilikuwa jina la nchi kubwa kuliko Uganda?

KILEMBE, NA RELI IPITAYO KWETU

Tusidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Kwenye miteremko ya Rwenzori, upande wa Uganda, kuna Kilembe. Ishara za shaba yake zilitambuliwa wakati wa safari ya Mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano aliyepanda milima hiyo mwaka 1906. Uchimbaji mkubwa ulianza nusu karne baadaye. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mawe yaliyosagwa yakapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa nguvu za umeme wa Mto Nile. Shaba ya Jinja ilipakiwa tena katika mabehewa, ikapitia Nagongera na Tororo, ikavuka mpaka wa Malaba, ikateremka hadi bandari ya Mombasa. Katika miaka ya 1960 ilikuwa bidhaa kubwa ya tatu ya Uganda baada ya kahawa na pamba. Wazee wa Kirewa waliolima karibu na njia ile waliyasikia mabehewa hayo usiku, pengine bila kujua kwamba yamebeba mlima.

Kazi ya Kilembe iliwavuta vijana kutoka pande nyingi za Uganda na hata nje yake. Katika miaka ya 1970 mambo yaliharibika: bei ya shaba ilianguka duniani, vipuri vikakosekana, mafundi wakaondoka, na utawala wa wakati ule ukazidisha taabu. Uchimbaji ulikoma mwaka 1982. Kwa miaka ile yote zilikuwa zimetolewa kadiri ya tani milioni 16 za mawe yenye shaba ya asilimia 2 hivi. Upande wa Kenya nako, huko Macalder karibu na Migori, mgodi wa shaba na dhahabu ulikuwa umekwisha kufungwa mwaka 1966.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tani milioni 16 zilipita. Ni vipande vingapi vilivyobaki katika shule za Tororo, Busia au Kasese? Mimi nimekiona kimoja, nacho kilikuwa ndani ya sanduku la marehemu.

NAMNA YA KUKUSANYA

Mtu aweza kusema kwamba kukusanya mawe ni mchezo wa matajiri. Ni kweli kwamba wako wanaolipa fedha nyingi kwa fuwele moja ya dioptasi isiyo na ufa. Lakini kabati la shule halihitaji uzuri wa namna hiyo. Linahitaji kipande halali, salama, chenye maelezo. Nieleze machache tuliyojifunza.

Kwanza, uhalali na usalama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeweka madini mikononi mwa serikali kwa niaba ya taifa, na uchimbaji una sheria na leseni zake. Mwalimu asiwapeleke watoto kwenye mashimo ya wachimbaji, wala asimtume mtoto kumwombea jiwe humo. Mashimo ya dhahabu ya upande wa Busia huporomoka bila taarifa. Yatosha kuomba kipande kwa jamaa aliyenacho nyumbani, au kuokota kokoto iliyo juu ya ardhi kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Pili, sumu. Unga wa malakiti usivutwe puani wala usiguswe na ulimi, na mikono ioshwe baada ya kazi. Yako pia madini ya Katanga yenye sindano za kijani za kupendeza ambayo ndani yake mna urani, kama yale mashuhuri ya Musonoi. Kipande cha sindano za kijani kisichojulikana kilikotoka kisiwekwe darasani kabla hakijapimwa na wataalamu.

Tatu, udanganyifu. Katika maduka ya vinyago ya miji yetu huuzwa shanga na visanduku vya malakiti ya Kongo, na pamoja navyo huuzwa plastiki iliyopakwa mistari. Malakiti ya kweli ni nzito na hubaki baridi mkononi kwa muda. Mistari yake haifanani, na kisu huichora. Plastiki ni nyepesi, na hupata joto upesi.

Nne, na hili ndilo kubwa, maelezo. Kipande kipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwa rangi ndogo upande usio mzuri. Namba hiyohiyo iandikwe katika daftari pamoja na mambo haya: ni jiwe gani, lilitoka wapi, kwa jina la kilima, kijiji na wilaya, nani aliliokota na mwaka gani, lilipitia mikono ya nani mpaka likafika shuleni, na wenyeji wa mahali lilipotoka huliitaje, kwa lugha yao. Jambo la tano husahauliwa na wataalamu wengi, nalo ndilo linalotuhusu sisi walimu wa lugha. Kama mtu mmoja tu katika msafara wa mwaka 1892 angaliandika majina ya viongozi wa njia na kile walichokiita kila kilima, leo tungalikuwa na historia nyingine ya Katanga.

Kazi hii ni somo zuri la Kiswahili. Mwanafunzi akitumwa kumhoji mzee aliyefanya kazi Kilembe, Macalder au kwenye reli, atajifunza kuuliza kwa adabu, kusikiliza, kuandika taarifa, na kuulizia neno asilolielewa. Tena atarudi na maneno ambayo hayamo katika kamusi. Wengi wa wazee hao wamekwisha kufa, na waliobaki wana umri mkubwa. Mawe yaweza kungoja miaka milioni nyingine, wazee hawawezi.

Jiwe la babu sasa limo katika kabati letu, kwa ruhusa ya jamaa. Kijana mwenyewe aliandika maelezo yake, nami sikumsahihisha ila herufi mbili. Aliandika kwamba ni mwamba wenye ukoga wa malakiti. Kwamba ulikuwa mali ya babu yake aliyefanya kazi Kilembe. Kwamba mahali ulipochimbwa hapajulikani kwa sababu hatukuuliza. Jiwe la kijito nalo limewekwa kando yake, likiwa na jina la kijito, mwezi na mwaka, ingawa halina shaba wala thamani sokoni. Kati ya mawe hayo mawili, hilo lisilo na thamani ndilo lenye habari kamili.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu wenzangu wa Tororo, Busia na kwingineko, kabla muhula haujaisha, kila mmoja wetu atafute kipande kimoja cha jiwe na mzee mmoja wa kukisimulia, na daftari liwe wazi mezani.